Jicho kwa Jicho na Kitwitwi: Kupiga Picha Ukiwa Umelala Topeni

Macho ya kitwitwi mdogo, ndege wa ufukweni, yako kama sentimita 10 tu kutoka mchangani. Mpiga picha aliyesimama ameshika kamera kwenye mita 1.6. Ndege akiwa mita 10 mbele, mstari unaotoka kwenye lenzi, ukapita kwenye jicho lake na kuendelea, utagonga tope sentimita 67 tu nyuma yake. Sentimita hizo 67 ndizo mandhari yako ya nyuma: kila kombe, kila shimo la kaa na kila utepe wa mwani unaonekana karibu sawasawa na ndege mwenyewe. Keti, kamera iwe sentimita 80 kutoka ardhini, na mstari uleule utagonga tope mita 1.4 nyuma ya ndege. Lala kifudifudi, kamera iwe sentimita 15, na mstari unakwenda mita 20 kabla haujagusa chochote.

Hapo ndipo penye siri ya picha zile ambazo ndege anaelea juu ya rangi laini, mbele yake ukungu na nyuma yake ukungu. Wengi hudhani ni bei ya lenzi. Lenzi inasaidia, lakini angalia hesabu yake: lenzi ya milimita 500, tundu lake la kupitishia mwanga f/5.6, kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ndege mita 10. Eneo linalotoka kali lina unene wa kama sentimita 13. Kitu kilicho sentimita 67 nyuma kitakuwa kimepoteza ukali nusunusu, na hali hiyo ya nusunusu ndiyo mbaya kuliko zote, maana jicho la mtazamaji linajaribu kukitambua. Kitu kilicho mita 20 nyuma kinayeyuka kabisa. Mwenye kamera ndogo ya zumu ndefu, ambayo kihisi chake ni kidogo na ukali wake ni mpana zaidi, ndiye anayehitaji kulala chini kuliko mwenye lenzi ya bei kubwa.

Kulala kunabadilisha na uhusiano. Ndege aliyepigwa kutoka juu anaonekana kitu kilichodondoka mchangani. Aliyepigwa usawa wa jicho lake anaonekana kiumbe mwenye shughuli zake, na ufuko unaonekana kama anavyouona yeye: mpana, unaong'aa, usio na mwisho.

Saa za maji, saa za jua

Nitatumia hori la Mida, kusini mwa Watamu katika pwani ya Kenya, kama mfano. Lina mikoko pembezoni, uwanda mpana wa tope na mchanga katikati, na kuanzia Agosti au Septemba hadi Aprili linajaa wageni. Wapo vitwitwi wenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini (Calidris ferruginea), ambao huzaliana Siberia ya kaskazini kabisa. Wapo sululu wenye mdomo mrefu kama mundu. Wapo vitwitwi wa mchangani wanaokimbia na kusimama. Na yupo membe (Dromas ardeola), mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba. Yeye peke yake kati ya ndege wa jamii hii huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai jeupe. Yanayofuata yanafaa pia Sabaki, Kunduchi, Tanga, Pemba au delta ya Rufiji, kwa sababu bahari ni moja na jua ni moja.

Miongozo mingi ya upigaji picha wa ndege imeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako wakati wa baridi jua hukaa chini siku nzima. Kwetu jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa. Mwezi wa Januari likichomoza saa 12 na dakika 20, kufika saa mbili limeshafika nyuzi 23 hivi juu ya upeo. Una dakika 90 za mwanga mzuri asubuhi na nyingine 90 jioni. Ukizikosa, ndege mweupe atakuwa na kivuli kizito tumboni na mgongo uliochomwa na mwanga, na hakuna programu itakayokurudishia.

Kwa hiyo swali la kwanza si lenzi gani, ni siku gani. Mwambao wetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa za maji zinachelewa kwa kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa ni karibu saa nne, kupwa ni karibu saa kumi. Wavuvi na akina mama wa mwani wanaijua hesabu hii bila jedwali.

Sasa iweke pamoja na jua. Siku za bamvua, piga jioni. Maji yamejaa saa kumi, ndege wamebanwa kwenye vichanga vya juu wakipumzika, na yanapoanza kutoka wanashuka na njaa kwenye ukanda wa kwanza wa tope unaofunuka, karibu kabisa na nchi kavu, huku jua likizidi kushuka. Siku za maji mafu, piga asubuhi. Maji yanapanda tangu alfajiri na yatajaa saa nne, kwa hiyo dakika zako 90 za mwanga zinaangukia wakati maji yanawasukuma ndege kuja upande wako. Asubuhi ya bamvua ndiyo inayowakatisha tamaa wengi: kufika saa moja na nusu maji yameshakwenda mbali, ndege wametawanyika kwenye uwanda wote, na kila ukitambaa nao wanasogea. Mida ina mdomo mwembamba, maji ya ndani yana saa zake, kwa hiyo usilichukulie jedwali la saa za maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kwa dakika. Chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji ukifika na utajua baada ya dakika kumi yanakwenda wapi.

Fukwe za wazi za upande wetu zinatazama mashariki. Asubuhi, anayelala akitazama bahari anatazama jua, na ndege wanakuwa vivuli vyeusi. Vivuli vinaweza kuwa vizuri sana, ila uwe umevitaka mwenyewe. Kama unataka manyoya, lala sambamba na ufuko ukitazama kaskazini au kusini, au ngoja jioni jua likutoke mgongoni upande wa bara. Upepo nao unahesabika: ndege hutazama upepo unakotoka, na hutua wakiukabili. Wakati wa kaskazi, asubuhi, ukiwa na jua mgongoni, ndege wengi watakuonyesha ubavu, jambo zuri kwa umbo la mdomo na miguu.

Pa kulala

Usimfuate ndege. Jua atakapopita, ulale hapo kabla hajafika. Tafuta ukingo ambao maji yataufikia baada ya nusu saa, wenye kichanga kidogo au kidimbwi ambacho ndege watapenda kukizunguka, ulale mita 8 hadi 12 nyuma yake, na utulie. Dakika 15 za kwanza hakuna kitu. Kisha mmoja anapita, wa pili anapita, na kundi linaanza kukuhesabu kama gogo.

Ikibidi kusogea, tambaa kwa viwiko kwa mwendo wa mshazari, usielekee moja kwa moja kwa ndege. Hatua tatu, pumzika dakika mbili. Ndege akiinua shingo na kuacha kula, tulia hapohapo ulipolala. Kundi zima likigeuza migongo na kuanza kutembea upande mmoja, umeshakaribia mno: rudi nyuma, tena ukiwa umelala. Kosa baya ni kuinuka ghafla baada ya kupata picha. Umbo la binadamu likichipuka topeni mita 10 mbali, ndege wote wanaruka, pamoja na waliokuwa hawakukuona kabisa.

Hili si suala la adabu tu. Mwezi Machi na Aprili vitwitwi wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa wanayachoma. Mwaka 2024 kitwitwi yule wa Siberia, Calidris ferruginea, pamoja na Pluvialis squatarola mwenye kwapa jeusi, waliingizwa kwenye kundi la ndege walio hatarini katika orodha nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi. Kundi lililobanwa na maji yaliyojaa halina pengine pa kwenda. Kwenye kichanga cha kupumzikia, piga kutoka mbali au usipige. Mimi naona picha nzuri zaidi ni za ndege anayekula, hivyo hukosi kitu.

Usalama wako nao una hesabu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.6 itapanda sentimita 30 saa ya kwanza, lakini sentimita 90 saa ya tatu. Kwenye uwanda wenye mteremko wa mita 1 kwa mita 100, maana yake ukingo wa maji unakufuata mita 90 ndani ya saa hiyo. Tatizo huwa ni kijito kilicho nyuma yako, ambacho hujaa kwanza wakati wewe umeweka jicho kwenye kamera. Kabla ya kulala geuka uangalie njia ya kurudi. Kama kuna mkondo wa kuvuka, vuka kabla. Mwongozaji wa kijijini anayelijua hori ana thamani kubwa kuliko programu yoyote ya simu, na ada ya hifadhi ilipwe kabla ya kuingia.

Vaa mikono mirefu na suruali nzito, kwa sababu kuna chaza na makombe yanayokata viwiko kama wembe. Kipande cha turubai cha mita moja kwa mbili chini ya kifua kinatosha. Kwenye maji ya magotini buruza miguu, usikanyage, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia mchangani apate nafasi ya kuondoka.

Kikaango

Tripodi haishuki vya kutosha, na miguu yake mitatu inazama topeni. Kinachofanya kazi ni kikaango cha zamani chenye kitako bapa, kipana sentimita 25 hadi 28, kilichokatwa mpini. Kinateleza juu ya tope kama ngalawa, kuta zake zinazuia maji na mchanga, na kinaiweka lenzi karibu sentimita 15 kutoka chini.

Toboa tundu la milimita 10 katikati. Pitisha bolti kutoka chini, weka washa (pete bapa ya chuma) pande zote mbili, na ufunge juu yake kichwa cha tripodi chenye tufe linalozunguka. Hapa ndipo watu wanapoharibu vifaa. Vichwa vya tripodi vina tundu la inchi 3/8 lenye meno 16 kwa inchi. Dukani utapewa M10, kwa kuwa ndiyo inayouzwa sana na kwa macho zinafanana. Inchi 3/8 ni milimita 9.5, M10 ni milimita 10, na meno yake hayalingani. Ukiilazimisha inaingia mzunguko mmoja au mmoja na nusu, kisha inayala meno ya kichwa cha tripodi, na kichwa kimekufa. Nenda na kichwa chako dukani, bolti iingie kwa vidole vitupu. Chagua yenye kichwa bapa, au umwombe fundi akisage, maana bolti inayotokeza chini itakwaruza mchanga kama nanga na kikaango hakitateleza.

Kama hutaki kutoboa, mfuko wa maharage wa kilo mbili ndani ya kikaango unafaa. Usijaze mchanga: unavuja, una chumvi, na utaishia kwenye pete ya zumu. Mchele ukilowa unavimba na kuvunda. Maharage funga ndani ya mfuko wa nailoni kwanza.

Kamera yenye skrini ya kukunjuka ni nafuu kubwa kwa shingo. Nusu saa ukiwa kifudifudi na jicho kwenye kitundu cha kamera, shingo inauma kiasi kwamba unainua kichwa, na kichwa kikiinuka ndege wanaondoka.

Mipangilio

Faili ghafi (RAW), siyo JPEG. Tundu f/5.6 hadi f/8. Mita 7 au chini ya hapo ukiwa na milimita 500, f/5.6 inakupa ukali wa sentimita 6 hivi au pungufu; ndege akikutazama, jicho litakuwa kali na mkia umefutika, hapo panda f/8. Kasi ya shata: 1/1000 ya sekunde kwa ndege anayetembea na kula, 1/1600 kwa anayekimbizana na mawimbi, 1/2500 na zaidi kwa anayeruka. ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, iache ijipange yenyewe hadi 3200. Chembechembe za ISO zinasafishika, mtikisiko hausafishiki.

Membe anahitaji uangalifu wake. Mwili wake mweupe umezungukwa na tope jeusi, kamera inapima tope, inaongeza mwanga, na manyoya yanaungua. Jua likiwa wazi na limeshapanda, anzia 1/3200, f/5.6, ISO 400, halafu punguza nusu stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu) kwa ajili ya weupe. Washa onyo la sehemu zilizoungua. Likimetameta kwenye nukta mbili tatu, sawa; likimetameta kifua kizima, punguza tena. Tope likitoka jeusi mno usijali, vivuli vinainuliwa baadaye. Manyoya yaliyoungua hayana taarifa yoyote ndani yake, hakuna cha kuinua.

Fokasi iwe ya kufuata, na nukta ndogo au utambuzi wa jicho la ndege kama kamera inao. Ukiwa chini kiasi hiki kuna adui wawili. Wa kwanza ni kilima kidogo cha mchanga mita mbili mbele ya lenzi, ambacho fokasi inakikimbilia. Kama lenzi ina swichi ya kuwekea mpaka wa umbali, iweke mpaka wa mbali. Wa pili ni kivuli cha ndege majini: maji yakitulia, kamera inaweza kushika jicho la majini badala ya la kweli. Sogeza nukta juu kidogo.

Shata isiyo na sauti ni nzuri karibu na ndege, ila kwenye kamera nyingi inapinda mabawa yanayopiga haraka. Kwa ndege anayeruka rudi kwenye shata ya kawaida.

Jua tabia za unayempiga. Vitwitwi wa mchangani wenye macho makubwa hukimbia, husimama, hutazama, hukimbia. Piga wanaposimama, kichwa kiko juu. Wenye midomo mirefu hawasimami, wanadunga tope kama cherehani, na kati ya picha 50 utapata 40 zisizo na kichwa. Ngoja anyanyue mdomo, ameze, ndipo ubonyeze. Xenus cinereus, mwenye miguu ya rangi ya chungwa na mdomo uliopinda kwenda juu, hukimbia ameinama akifukuza kaa, na akimpata hupenda kwenda kumsuuza majini. Lala karibu na kidimbwi, siyo karibu na mashimo ya kaa. Membe wachanga wana rangi ya kijivu, na hufuatana na wazazi hadi huku kwetu wakiomba chakula. Ukiona mkubwa ameshika kaa na wa kijivu anakimbia nyuma yake ameinamisha kichwa, usihangaike na mwingine yeyote.

Mazigazi ni maradhi ya pembe ya chini. Hewa iliyo sentimita chache juu ya mchanga mkavu ndiyo yenye joto zaidi, na mstari wako wote unapita humo. Kwenye skrini ndogo picha inaonekana sawa, nyumbani unakuta manyoya kama yamechorwa kwa maji. Wengi huilaumu lenzi na kuipeleka kwa fundi. Kabla ya hapo, tazama: kama katika picha kumi za ndege aliyetulia ukali unabadilika kila moja, ni hewa. Dawa ni kupiga kabla ya saa mbili, kulaza mstari juu ya maji au tope bichi badala ya mchanga mkavu, na kupunguza umbali. Lenzi ndefu zaidi haisaidii, inakuza mazigazi pamoja na ndege. Na kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kitalowa ukungu hapo hapo jua linapochomoza.

Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukirudi, futa kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, ndipo ukaushe. Kufuta chumvi kavu kwa kitambaa kikavu ni kukwaruza kioo.

Kusafisha picha

Kazi ya mezani ni kuondoa kilichozuia, siyo kutengeneza ambacho hakikuwepo. Nafuata mpangilio mmoja, kwa sababu hatua zikivurugika zinaharibiana.

Kwanza chagua. Fungua kila picha kwa asilimia 100 kwenye jicho. Jicho si kali, futa, hata kama mkao ni mzuri, hutakuja kuitumia. Kisha tazama kichwa: kigeuke kidogo upande wa kamera. Kikigeukia ng'ambo hata kidogo, mtazamaji anahisi amepewa kisogo. Mwisho miguu na mdomo. Tone la tope kwenye ncha ya mdomo liache, ndilo linaloonyesha alikuwa anafanya nini.

Pili nyoosha. Pembe ya chini inafichua mteremko wa nusu nyuzi, maana ukingo wa maji unakata picha nzima. Lakini ukingo wa maji ufukweni si lazima uwe mlalo, unaweza kuwa unakwenda mbali kwa mshazari. Kipimo cha uhakika ni ndege na kivuli chake majini: jicho la juu na jicho la majini lazima ziwe kwenye mstari mmoja wa wima.

Tatu kata. Kivuli cha majini ama kiwe kizima, ama kisiwepo. Kukikata shingoni kunakera. Acha nafasi zaidi upande anaotazama. Usiubane sana ule ukungu wa mbele ya ndege chini ya fremu, ndio uliolalia tope kuupata. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000; ukibakiza nusu ya upana una 3000 kwa 2000, zinatosha kuchapa A4 vizuri. Chini ya hapo ni picha ya skrini.

Nne mwanga na rangi. Shusha sehemu angavu hadi manyoya meupe yaonyeshe mistari yake. Pima kwa kipima rangi cha programu, chenye kipimo cha 0 hadi 255: weupe wenye uhai uko 235 hadi 245 kwenye njia zote tatu, nyekundu, kijani na buluu. Penye 255 hapana kitu. Jua la asubuhi huja na umanjano, na tumbo la ndege hubeba ubuluu wa mbingu. Usijaribu kuviondoa vyote viwili kwa pamoja. Weka joto la rangi karibu kelvini 5200 hadi 5600, acha umanjano kidogo ubaki mgongoni, na kama tumbo limekuwa la buluu mno, punguza buluu hapo peke yake. Tumbo unaweza kuliinua kwa theluthi ya stopu kwa brashi yenye ukingo laini. Ukizidisha, ndege anaonekana amewekewa taa chini.

Tano chembechembe, kisha ukali, usigeuze. Mandhari laini ya nyuma ndiyo inayoonyesha chembechembe, manyoya yanazificha. Kwa hiyo tenganisha ndege na mandhari kwa barakoa (zana ya programu ya kuchagua sehemu itakayoguswa), safisha mandhari kwa nguvu, ndege msafishe kidogo sana. Ukali mpe ndege tu: kipenyo 0.8 hadi 1.0, kiasi 40 hadi 60. Kwenye programu ya Lightroom ukishikilia kitufe cha Alt huku ukisogeza kipimo cha barakoa cha ukali, sehemu nyeupe ndizo zitakazoguswa. Endelea hadi mandhari yote yawe meusi, mara nyingi kati ya 70 na 85. Programu za Darktable na RawTherapee zinafanya kazi hizi bila malipo, na sioni sababu ya anayeanza kulipia kitu.

Madoa ya vumbi la kihisi yanaonekana waziwazi kwenye nyuma laini, pitia picha nzima kwa asilimia 100. Nukta ya povu inayong'aa pembeni mwa fremu naiondoa. Mguu wa ndege mwingine uliokatiza nyuma siuondoi. Ni heri picha nyingine. Na nukta ya mwanga ndani ya jicho haibandikwi. Kama haikuwepo, jua lilikuwa upande usiofaa.

Hifadhi nakala ya mtandaoni kwa mfumo wa rangi wa sRGB, upande mrefu pikseli 2048, ubora wa JPEG 80 hivi. Kwenye WhatsApp itume kama hati, siyo kama picha, la sivyo manyoya yote uliyoyalalia tope yatasagwa kuwa uji.

Jambo moja usilifute kamwe hata likiharibu utulivu wa rangi: pete ya chuma au bendera ya plastiki mguuni. Ndege wa Mida huvishwa pete, na wengine hufika wakiwa na bendera za nchi nyingine. Kwa pembe ya chini na ukali wa sentimita 13, mara nyingi unaweza kusoma herufi ambazo mtu mwenye darubini ufukweni hakuziona. Kuza faili ghafi kabla ya kukata. Andika tarehe, mahali, aina ya ndege, mguu wa kulia au wa kushoto kwa upande wa ndege mwenyewe, juu au chini ya kile kiungo kinachofanana na goti, rangi kutoka juu kwenda chini, na herufi ulizosoma. Zipeleke kwa wanaohesabu na kuvisha ndege pete karibu na ulipopigia; kwa Mida na Watamu ni shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Ambatanisha picha isiyokatwa.